Neno Nililomsifia Mjomba

Hili hata mke wangu nilimsimulia nusu tu, maana nikilikumbuka mpaka leo natamani ardhi inimeze. Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa mwalimu wa darasa la tano, kijiji cha pili ukitoka Vuga, na mjomba wangu Elieza alikuwa anastaafu udresa baada ya kuwafunga watu vidonda tangu enzi za Mwingereza, basi kijiji kikaandaa sherehe ya kumuaga, mimi nikapewa kusoma risala.

Niliandika "mtiifu", na lingetosha kabisa, lakini (kiherehere changu!) nikawaza mgeni rasmi anatoka wilayani, amesoma, ngoja nichomeke Kiingereza kidogo. Kwenye kamusi kuukuu niliyorithi kwa mmisionari nikakuta "obsequious": mtu mtiifu, mwenye kufuata wajibu wake. Nikalisoma mbele ya watu mara tatu, kwa sauti ya juu, wakapiga makofi na mjomba akatabasamu.

Bibi mmoja akauliza, "Ndiyo kusema nini hiyo, mwalimu?"

Kabla sijajibu, mgeni rasmi akasema, bila hata kucheka, "Ni mtu anayejipendekeza kwa wakubwa."

Makofi yakakatika. Tayari kulikuwa na walionong'ona kwamba mjomba alikuwa kibaraka wa Wazungu, na miaka ile kuitwa kibaraka halikuwa jambo la mchezo. Mtu akasema kwa nyuma, "Kumbe hata mpwa wake anajua!" Mjomba akaliweka chini blanketi tulilomzawadia, akavaa kofia, akatoka nje, akaingia kwenye ukungu bila kuaga.

Kesho yake alfajiri nilishika njia kwa miguu mpaka Rangwi, kwa padri anayejua Kilatini. Akaniambia neno lile limetokana na Kilatini cha "kufuata": zamani lilimsifu anayefuata wajibu, kisha polepole likageuka kuwa la yule anayewafuata wakubwa kama mkia.

"Kamusi yako haikukosea, mwalimu. Imezeeka tu."

Nikarudi mbio kwa mjomba, nikamwamkia shikamoo, akaitika, nikamweleza yote, Kilatini na nini, naye akasikiliza mpaka mwisho huku akipukuchua mahindi.

"Nimekuelewa, mpwa wangu," akasema. "Sasa utawapitia wote waliokuwepo, nyumba kwa nyumba, uwafundishe Kilatini?"

Tangu hapo kanisani mjomba alikaa benchi la nyuma, peke yake, mpaka alipofariki, na waliponiomba nisome wasifu wake kaburini nilikataa, nikachukua koleo nikafukia na wenzangu. Siku hizi nikitaka kumsifu mtu namfuata kwake, namwambia kwa Kishambaa, tena tukiwa wawili tu.