Loy Acom na Kurasa Kumi na Nne za Bahari

Saa mbili kasorobo asubuhi, mjini Busia upande wa Uganda, Loy Acom anamhoji mteja wake kama daktari anavyomhoji mgonjwa.

"Unalala vizuri?"

"Nalala."

"Nyumbani kuko salama?"

"Salama kabisa. Msichana wangu ameingia sekondari mwaka huu."

"Sasa niambie, kitabu gani ulisoma mwisho ukamaliza?"

Mteja, fundi mitambo kutoka Tororo aitwaye Ofumbi, anajikuna shingo. Hajamaliza kitabu tangu aache shule. Amekuja kwa bodaboda kwa sababu mwenzake kazini amekuwa akisoma riwaya ya mabaharia wakati wa chakula cha mchana, akicheka peke yake, na akiulizwa anachochekea anasema, "Nenda kwa Loy."

"Mimi nataka ya bahari," Ofumbi anasema, "lakini watu wasikufe sana."

Loy hacheki. Anageukia rafu zake tatu za mbao. Hakupanga vitabu kwa majina ya waandishi wala kwa ukubwa. Rafu ya juu ina kibao kilichoandikwa kwa chaki, "Mawimbi Madogo". Ya kati ni "Mawimbi Makubwa". Ya chini inasema, "Usisome Ukiwa na Huzuni."

Kutoka rafu ya juu anachomoa kitabu chembamba kilichofunikwa kwa karatasi ya kaki, *Mpishi wa Meli ya Tatu*, hadithi ya mpishi aliyepoteza mbuzi wa nahodha katikati ya bahari, mahali ambapo mbuzi hana pa kukimbilia.

"Kama hujacheka kufika ukurasa ya ishirini, rudisha," anamwambia. "Narudisha pesa yako yote."

Loy ana umri wa miaka arobaini na sita. Kibanda chake cha mabati kiko mita mia mbili hivi kutoka geti la mpaka, kati ya mbadilisha fedha na mama muuza chapati. Hauzi vitabu, anavikodisha. Dereva wa lori huchukua riwaya akiwa njiani kwenda Kampala, akairudisha wiki mbili baadaye akirejea Mombasa. Malipo ni shilingi elfu moja za Uganda kwa kitabu, na siku nzuri hutoka vitabu thelathini. Kwa kazi hiyo amewasomesha watoto wawili na kupaua nyumba.

Karibu kila kitabu kilichomo kibandani kinahusu bahari. Na mwenyewe hajawahi kuiona bahari.

"Watu wananicheka," anasema. "Wananiambia, Loy, wewe unajua mto Malaba tu. Nawaambia, ndiyo, lakini uliza mimi habari ya nanga, uliza habari ya tanga. Nitakujibu."

*

Vitabu hivyo vilikuwa vya Eibu, kaka mkubwa wa baba yake. Eibu aliondoka kijijini Sikuda akiwa kijana, akafika Mombasa, akapata kazi ya kupika kwenye meli za mizigo. Aliifanya kwa miaka ishirini na sita. Alikuwa akirudi nyumbani mara moja kwa mwaka, mwezi mmoja, akiwa na zawadi za watoto na riwaya mpya ndani ya sanduku la bati.

Alipofariki mwaka 2018, ukoo uligawana ng'ombe, baiskeli na redio. Sanduku halikutakiwa na mtu. Loy, ambaye wakati huo alikuwa akiuza nguo za mitumba, alilibeba kwa kuwa lilikuwa na kufuli zuri.

Ndani alikuta vitabu sitini na tatu, vya Kiingereza na vya Kiswahili. Pembezoni mwa kurasa mpishi huyo alikuwa ameandika kwa penseli, akibishana na waandishi. "Uongo, mchuzi haukai chunguni bahari ikichafuka hivi." "Kweli tupu." "Huyu mwandishi hajapanda meli." Loy alisoma maneno ya penseli kwanza, halafu akaanza kusoma na hadithi zenyewe.

Miaka miwili baadaye ukaja ugonjwa wa korona. Biashara ya mitumba ikafa. Malori yakapanga foleni ya kilomita nyingi, madereva wakikaa siku kadhaa wakingoja majibu ya vipimo. Hawakuwa na la kufanya ila kulala chini ya matrela na kuhesabu nzi.

Loy alijaza vitabu kumi kwenye beseni alilobebea nguo, akavaa barakoa, akatembea kando ya foleni akinadi: "Bahari! Bahari hapa! Soma leo, rudisha ukivuka!"

Mmoja wa waliochukua ni Edimu, Mteso kutoka upande wa Kenya, mwenye mwili mkubwa na sauti ya kengele. Alipewa *Taa ya Ras Mwewe*.

Riwaya hiyo inasimulia habari za Faki, mlinzi wa mnara wa taa juu ya mwamba baharini. Mkewe yuko bara. Miaka inapita, Faki haji ila kwa siku chache, na mwishowe mke anamtumia salamu: njoo kabla mwezi haujaandama, ama usije tena. Usiku wa mwisho dhoruba inavuma, meli yenye watu mia mbili iko gizani huko nje, mashua ya Faki imefungwa chini ya ngazi, naye amesimama mkono wake ukiwa juu ya taa.

Hapo kitabu kinakatika. Kurasa kumi na nne za mwisho hazikuwepo.

"Alikuja anakimbia," Loy anakumbuka. "Mimi nikafikiri mtu amegongwa."

Edimu mwenyewe anacheka akikumbushwa. "Nilimwambia, mathe, hii story haiwezi kuisha hivi. Huyu jamaa alienda ama alibaki? Majibu yangu ya korona yalikuwa yametoka, niko huru kuondoka, na siwezi kuwasha gari!"

Aliondoka baada ya kuapa kwamba atakitafuta kitabu kizima Mombasa. Loy naye alipanda boda hadi Sikuda kumuuliza mjane wa Eibu, Ariokot, ambaye Loy humwita Toto, yaani mama kwa Kiteso.

"Panya," Ariokot alijibu, bila kuinua uso kutoka kwenye karanga alizokuwa akichambua.

Loy aliangalia kitabu tena. Kurasa zilikuwa zimechanwa kwa mstari ulionyooka. Panya wa Sikuda, alijiambia, hawana mikono. Lakini hakumbishia mama mtu mzima.

*

Angeweza kukiondoa kitabu hicho kwenye biashara. Badala yake alikifungia daftari kwa kamba, na kila aliyekisoma akaruhusiwa kuandika mwisho wake.

Kwa miaka minne *Taa ya Ras Mwewe* kilikuwa kitabu kinachogombewa kuliko vyote. Daftari lilijaa miisho thelathini na saba. Madereva wengi walimuua Faki. Mchungaji mmoja alituliza dhoruba kwa maombi. Mbadilisha fedha jirani alimfanya Faki aibe mzigo wa meli na kufungua hoteli. Harriet Nerima, fundi cherehani wa Busia ya Kenya, aliandika kurasa tisa ambamo mke anapanda mtumbwi, anafika mnarani akiwa ameloa chapachapa, na kumwambia mumewe, "Sogea, nishike taa na mimi."

"Nilichoka na wanawake wa kungoja mlangoni," Nerima anaeleza. Mwisho wake ulipendwa sana, hata baadhi ya wasomaji waliamini ndio wa kweli.

Edimu hakuacha kutafuta. Kila alipofika Mombasa aliwauliza wauza vitabu vya zamani, na kila mmoja alitikisa kichwa. Kisha, Agosti 2024, akiwa anavuka kwa feri ya Likoni kwenda kumwona dada yake, aliona mwanamke ameketi anasoma. Jalada lilikuwa na mnara.

"Nilimwambia, dada, samahani, hicho kitabu kina kurasa za mwisho? Akashika mkoba wake. Alidhani mimi ni mwizi."

Edimu akamweleza yote: foleni, korona, Loy, daftari. Mwanamke alikataa kuuza, kwani kitabu kilikuwa cha marehemu mama yake, lakini alikubali kipigwe picha. Feri ilitia nanga wakiwa ukurasa wa sita. Walimalizia kwenye njia ya kushukia, mwanamke akifunua kurasa, Edimu akipiga picha kwa simu, abiria wakiwasukuma huku na huku na mlinzi akiwafokea.

Picha kumi na nne zikamfikia Loy kwa simu mchana huo huo. Hakuzifungua.

"Siku tisa!" anasema, akishika kifua. "Simu iko mfukoni, inanichoma kama kaa la moto. Lakini ningesoma peke yangu, ningewaangalia namna gani wale wa daftari?"

Alitangaza siku: Jumapili, baada ya ibada. Kisha akaenda Sikuda kumwalika Toto.

Ariokot alisikiliza hadi mwisho. Akaweka ungo chini.

"Nilizichana mimi," akasema kwa Kiteso.

Ilikuwa mwaka wa mwisho wa Eibu baharini, akiwa nyumbani kwa likizo. Kila jioni alimsomea mkewe kidogo, akimtafsiria. Ariokot alimsikia Faki, akamsikia mke wa Faki, na kadiri hadithi ilivyosonga ndivyo alivyozidi kukasirika. Walipofika pale mkono ulipokuwa juu ya taa, alimnyang'anya mumewe kitabu, akazing'oa kurasa zilizobaki na kuwashia moto wa uji.

"Nilijua atabaki na taa yake. Wanaume wa maji wote wanabaki. Nikamwambia Eibu, mwisho wa hii hadithi utaniambia wewe mwenyewe, ukiwa umekaa hapa hapa. Hakurudi tena Mombasa."

"Na kitabu, Toto? Hamkukizungumzia tena?"

"Miaka ishirini na moja. Hata siku moja."

*

Jumapili hiyo walikuja watu zaidi ya sitini. Viti viliazimwa kanisani. Edimu aliegesha lori upande wa pili wa barabara, akaingia na katoni mbili za soda. Nerima alivuka mpaka na daftari la miisho kifuani, kana kwamba analeta mtoto kubatizwa. Ariokot, mwenye umri wa miaka sabini na saba, aliketi mbele kabisa, mikono mapajani, uso umekunjwa.

Loy alisoma kwa Kiswahili, na mwisho wa kila ukurasa akamtafsiria Toto kwa Kiteso.

Faki hakuiacha taa usiku ule. Aliilinda hadi meli ikapita salama na mwezi ukaandama. Alfajiri alimkabidhi ufunguo wa mnara msaidizi wake, kijana ambaye hangeweza kuachiwa taa usiku wa dhoruba, akashuka ngazi, akapanda mashua, akapiga makasia siku nzima akijua amechelewa. Alifika kwake giza limeingia. Hakubisha hodi, kwa sababu hakuwa na uso wa kubisha. Aliusukuma mlango kidogo kwa kidole. Ulikuwa umeegeshwa tu.

Loy alipomaliza kutafsiri maneno hayo, watu walikuwa wameinamia mbele vitini. Hata muuza chapati alikuwa ameacha kikaango.

"Alirudi?" Ariokot aliuliza.

"Alirudi, Toto."

"Basi nilichoma kitu kizuri!"

Bibi huyo alianza kucheka. Alicheka hadi akainama, hadi machozi yakamtoka, akijipigapiga goti, na kicheko chake kikawaambukiza watu wote, hata wasioelewa Kiteso. "Eibu alikuwa ameshakimaliza," alisema alipopata pumzi. "Alikuwa anakisoma mara ya pili. Alijua! Alijua, na akaniacha nichome!"

Baadaye kura ilipigwa kwa kunyoosha mikono: mwisho wa mwandishi au mwisho wa Nerima? Nerima alishinda kwa kura nne. Edimu alipinga matokeo kwa sauti kubwa, akidai kuna waliopiga kura kwa mikono miwili. Mpaka leo hakuna aliyekubali kushindwa.

Kurasa kumi na nne zilichapishwa na kushonwa ndani ya kitabu. Kwa ushauri wa Loy, Nerima ameanza kuandika riwaya yake mwenyewe, nayo imefika sura ya sita. "Ni ya ziwa," anasema. "Bahari naiogopa, sijui samaki wake."

Loy ana mpango mkubwa zaidi. Anataka kufungua kibanda cha pili Tororo, karibu na stesheni ya reli, na tayari Ofumbi wa mbuzi wa nahodha, ambaye alirudi baada ya siku tatu kudai kingine, ameahidi kuchomelea rafu za chuma.

Lakini kwanza, Desemba hii, kibanda kitafungwa kwa siku saba. Edimu amewakatia Loy na Ariokot tiketi za basi kutoka Busia hadi Mombasa, na dada yake wa Likoni atawapokea. Loy anasema atakwenda na daftari jipya, ili aandike ni waandishi gani walidanganya.

Ariokot hana orodha. Amejinunulia viatu vya plastiki vya kuingilia majini, na amemuuliza Loy mara mbili kama kweli maji yote yale yana chumvi, na ni nani aliyeitia.

Anapoulizwa anatarajia nini huko, bibi huyo anaiangalia mihogo yake iliyofika magotini.

"Miaka ishirini na sita nililala kitanda kimoja na hiyo bahari, na sijawahi kuiona sura," anasema. "Nataka tusalimiane. Nitaiambia kwamba mwishowe alinichagua mimi. Halafu nitarudi nyumbani nipalilie."