Bahari, Siki na Msumari Mmoja

Bahari yote niliyowahi kuishika kwa mikono yangu ni makayabu, samaki wa chumvi ninaouza sokoni Kolwezi ili nilipie masomo yangu ya ualimu. Kwa hiyo nilipochomoa karatasi kwenye bahasha ya msimamizi wetu na kukuta imeandikwa "Matundu ya maji ya moto chini ya bahari, na jinsi yanavyobadilisha maji yake", nilimwomba nichomoe tena.

"Mama, hapa haiko soko," akasema.

"Tata," nikamwita kwa heshima, "hata ku soko mutu anageuza samaki kabla ya kumubeba."

Akafunga bahasha.

Hilo lilikuwa somo langu la majaribio, la pili. Katika la kwanza nilianguka. Nikianguka tena, narudia mwaka mzima, na mimi si msichana. Darasani kwetu nilikuwa mkubwa kuliko wote. Nimehesabu mara mbili.

Nikasoma wiki mbili. Maji ya bahari huzama kwenye nyufa za sakafu yake mpaka karibu na miamba ya moto. Huko huiachia miamba magnesi, nayo miamba huyapa kalisi, chuma, manganizi, hata shaba. Kisha hupanda na kutoka kwenye tundu kama moshi mweusi, kwa sababu yakikutana na maji baridi madini huganda yakawa unga. Mwingine huanguka papo hapo, mwingine husafiri mbali.

Iliyonisumbua ni magnesi. Mito huimwaga baharini kila siku, lakini bahari haijai magnesi. Mwenye meza sokoni hahitaji profesa hapo: mzigo ukiingia kila siku na rundo halikui, kuna mlango wa nyuma. Matundu yale ni mmoja wa milango hiyo.

Nikapeleka fishi, yaani mpango wangu wa somo. Msimamizi akaweka kidole kwenye mstari wa vifaa vya kufundishia. Sheria yake ilikuwa moja: kila somo liwe na kitu cha kushika, kitoke katika mazingira ya wanafunzi.

"Umeandika mchoro. Mchoro haiko kitu. Bahari utaileta?"

"Tata, nani alitia hii somo mu bahasha?"

"Bahasha haina kosa."

Ningelia, lakini siku hiyo nilikuwa na samaki wa kuuza.

Nilitembea na hasira siku tatu. Ndipo mchimbaji mmoja, mteja wangu wa zamani, akaja kununua makayabu akiwa na mfuko wa mawe ya kijani, yale ya shaba. Nikamwomba jiwe. Akasema mawe yake hayagawiwi kama salamu. Tukavutana mpaka akaacha moja kwa mkia wa samaki. Jiwe lilikuwa dogo. Mkia nao sikuuchagua mkubwa.

Nyumbani nililisaga, nikalitia kwenye siki, nikaipasha polepole juu ya mbabula, jiko letu la makaa. Siki ikageuka buluu. Nikatumbukiza msumari niliousugua, nao ukatoka umevaa wekundu wa shaba. Chuma kimeingia majini, shaba imetoka. Si magnesi, wala si bahari, lakini ni mabadilishano mtu anayaona kwa macho. Nikaandika fishi upya.

Siku ya somo msimamizi alikaa nyuma na karatasi yake. Msumari ukapita mkono kwa mkono, darasa likanuka siki.

"Mama," msichana mmoja akauliza, "maji ya moto vile, sababu ya nini haichemuke?"

"Mama yako akipika maharage, anatia nini juu ya kifuniko?"

"Jiwe."

"Kule jiwe ni bahari yote iliyo juu yake."

Wakacheka, wakaandika. Msimamizi hakucheka.

Mwishoni akanipa karatasi: kumi kwa ishirini. Chini ya kumi na mbili ni kurudia. Nikajumlisha, nikajumlisha tena. Lugha tatu, mpangilio tatu, maarifa nne. Mstari wa vifaa ulikuwa mtupu.

"Tata, mistari iko mine. Umejaza tatu."

"Nilikuambia, mchoro haiko kitu."

"Mchoro ni ya fishi ya kwanza. Musumari iko mu mukono yako."

Akatazama chini. Kweli, ulikuwa umemfikia mwisho, naye alikuwa akiugeuzageuza muda wote huo.

"Bahari haikukuwa," akasema.

"Haikukuwa. Toa pointi ya bahari, utie ya musumari."

"Mbili."

"Ine, Tata."

"Mbili."

"Tatu. Siki haikutoka mu bomba."

"Mbili, mama, ao nafuta."

Kumi na mbili kamili. Nikahesabu mara ya tatu, jambo ambalo si desturi yangu. Alipoinuka, aliutia msumari wangu mfukoni. Nikafungua mdomo niudai, kisha nikakumbuka kwamba karatasi ilikuwa bado haijapigwa muhuri.