Chumba cha Juu na Kamba ya Kupandia

Niliondoka Mitundu mwezi wa saba, alizeti ikiwa imeshapigwa na kuwekwa ndani, kwa sababu mke wangu alikuwa na neno la kumwambia dada yake na hakutaka kulipitisha kwa mtu mwingine.

Mke wangu Zainabu alipata kiharusi siku chache baada ya Idi. Upande wa kulia ulikufa wote, na ulimi ukafungwa. Kwa rehema za Mola, mwezi wa pili wa ugonjwa ulimi ulianza kufunguka. Alisema neno moja, akapumzika, akasema jingine. Siku moja baada ya sala ya Alfajiri akaniambia, "Nipeleke kwa Mwanaidi."

Mwanaidi ni dada yake mkubwa, na wamebaki wawili tu katika tumbo la mama yao. Aliolewa na fundi wa reli aliyekuwa akifanya kazi Itigi, na mume alipostaafu wakahamia kwao, kijiji cha ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kusini mwa Kigoma, ambako hakuna barabara ya gari inayofika. Tulijaribu simu. Mtandao wa kule unakatikakatika, na maneno ya Zainabu yalikuwa vipande vipande. Mwanaidi alisikia mngurumo tu, akalia. Miguu yake ina uvimbe wa miaka mingi, hawezi kupanda meli.

"Una neno gani?" nilimwuliza Zainabu. "Niambie mimi nilifikishe."

"La Mwanaidi," akasema. Akavuta pumzi mara mbili. "Nitampa mwenyewe."

Muuguzi wa zahanati hakuipenda safari ile, lakini alipoona nimeshikilia alinipa maagizo mawili. "Mzee, la kwanza, mgeuzeni kila baada ya saa mbili, mgongo usitoke vidonda. La pili ni kubwa zaidi. Asipaliwe. Uji mwepesi, kijiko kidogo, kichwa juu. Kitu kikiingia kifuani, mtamkosa."

Nilikubali yote mawili. Lakini la kwanza lilikuwa kazi ya mikono, na mimi ni mtu wa kazi ya mikono, basi hilo ndilo nililolibeba. Nilichukua kamba yangu ya kupandia alizeti kwa mistari, ile ya katani niliyoipiga fundo kila penye shibiri moja na nusu, nikapima nafasi aliyohitaji binti yetu Rehema kusimama kando ya kitanda, ainame na kumgeuza mama yake vizuri. Ikawa mafundo matatu. Kamba nikaitia mfukoni mwa kanzu.

Siku ya kuondoka tulikodi gari hadi Itigi, Zainabu akilala kwenye godoro, na kwenye ndoo ya plastiki tumeweka asali ya miyombo ya kumpelekea Mwanaidi. Treni ya Kigoma ilichelewa, kisha ikaja. Rehema na mama yake walipata vitanda katika chumba cha wanawake, watu sita katika nafasi ambayo nyumbani ningefungia mbuzi wawili. Mimi nilikaa behewa la viti. Kila kituo kikubwa nilikwenda kubisha mlango wao.

"Hajambo, baba," alinijibu mama mmoja kutoka ndani nilipobisha Tabora. "Tumegawana zamu. Wewe kapumzike, unatuletea baridi."

Wakacheka. Nilimsikia na Zainabu akicheka, cheko lake jipya la upande mmoja. Nilimshukuru Mwenyezi Mungu, ila moyoni nilijisemea kwamba kwenye meli sitamlaza tena katika msongamano wa namna ile.

Kigoma tulifika asubuhi. Meli ilikuwa iondoke saa kumi alasiri, nasi tungeshuka kesho yake mchana. Karani wa meli, mtu wa makamo mwenye kofia ya sufi, aliniamkia kwa adabu na kunionyesha vyumba viwili vilivyobaki. Kimoja kilikuwa chini, katikati ya meli. Kina vitanda viwili vinavyotazamana, na katikati yake kamba yangu haikufika mafundo mawili. Kingine kilikuwa juu kabisa, upande wa mbele. Nacho kina vitanda viwili na meza, dirisha kubwa linalotazama ziwa, na sakafu ya mafundo matano na ziada. Bei yake ilikuwa mara mbili ya kile cha chini, na tofauti ilikaribia thamani ya maksai mmoja.

Nilisimama pale na kamba mkononi kwa muda mrefu. Sikuwa nawaza ng'ombe. Nilikuwa najiuliza kama nakitaka kile chumba kwa ajili ya mgonjwa au kwa ajili ya nafsi yangu, maana nilikwisha kuona pembe nzuri ya kutandika msala.

"Mzee wangu," karani akasema, "mimi ningekuwa na mama mgonjwa ningemlaza huku chini."

"Huku hata kuinama huwezi."

"Ni kweli ni padogo. Lakini panatulia. Kule juu kusi likivuma utapata tabu."

"Kusi ndiyo nini?"

"Upepo, mzee. Miezi hii unatoka kusini."

"Upepo tunao Mitundu," nikamwambia. "Unaezua mabati, lakini sisi tunalala."

Akatabasamu, akashika funguo zake. Rehema akanivuta pembeni. "Baba, huyu anataka kile cha juu ampe mtu wake. Umemwona yule bwana wa suti anayesubiri pale? Na wewe amekuona ni mshamba."

Nilimtazama yule bwana. Viatu vinang'aa, mkoba wa ngozi. Mawazo yangu yakaenda alikokwenda Rehema. Nikalipa chumba cha juu. Karani alinipa ufunguo, na tulipokuwa tukimpandisha Zainabu kwenye ngazi kwa shuka, nilimwona bwana wa suti akishuka na mkoba wake kuelekea chumba cha chini. Mola anisamehe, nilimwonea huruma.

Saa kumi na nusu tulikuwa ziwani. Siwezi kusema uongo, mwanzo ulikuwa mwema. Tulimlaza Zainabu karibu na dirisha, na yeye ambaye maji makubwa aliyowahi kuyaona yalikuwa lambo la mifugo, alitazama ziwa lile mpaka jua likashuka. Rehema alimgeuza kwa raha, akizunguka kama yuko nyumbani. Mimi niliswali Magharibi juu ya sakafu pana. Baada ya sala Zainabu akasema, "Pazuri." Kisha, "Kesho Mwanaidi." Alikula vijiko saba vya uji.

Lile "Kesho Mwanaidi" ndilo neno la mwisho nililolisikia likitoka kwake likiwa kamili.

Baada ya Isha upepo ulianza. Kwanza bilauri ilitembea yenyewe juu ya meza, Rehema akacheka. Kisha mbele ya meli ikainuka, ikabaki juu kitambo, ikaanguka, na chumba chetu kikaanguka nayo. Niliinuka kwenda kwa mke wangu na sikufika. Katikati ya kitanda changu na chake palikuwa na ile sakafu niliyoinunua, na juu yake hapakuwa na kitu cha kushika. Nilikwenda kwa magoti. Rehema alijaribu kusimama, akarushwa, akapiga mbavu kwenye meza.

Zainabu alianza kutapika akiwa amelala chali.

"Mgeuze!" nikapiga kelele. "Mgeuze ubavu!"

"Siwezi, Baba! Siwezi kusimama!"

Rehema alipofika hatimaye na kumshika mama yake bega, sisi wote watatu tulirushwa pamoja upande wa pili. Nilisikia sauti ya kupaliwa, jambo lile alilotuonya muuguzi. Ni sauti fupi, kama mtu aliyeanza kuuliza jambo akaacha. Tulimwinua, tulimpiga mgongoni, tulimsafisha kinywa. Alirudi kupumua, lakini pumzi yake tangu hapo ilikuwa na maji ndani.

Tulikaa sakafuni hadi kulipopambazuka, mgongo wangu umeegemea kitanda, yeye kifuani kwangu, Rehema ametushika wote wawili. Niliswali Alfajiri kwa ishara ya kichwa. Karani alikuja asubuhi na chai, akaona, akaweka chai chini. Alivua kofia yake ya sufi akamvika Zainabu kichwani, kwa sababu alikuwa akitetemeka.

Saa saba mchana meli ilipiga honi mbele ya kijiji cha shemeji. Pale hapana gati. Boti za mbao zenye injini zinakuja ubavuni mwa meli na watu wanateremshwa. Upepo ulikuwa umelala. Wanaume wanne walimteremsha mke wangu katika shuka, na aliyeshika kichwa chake alikuwa yule bwana wa suti. Shati lake halikuwa na kunyanzi. Alikuwa mwenyeji wa kijiji kile kile.

Mwanaidi alikuwa ufukweni, ameketi kwenye kiti cha plastiki, miguu ndani ya kanga. Hakungoja tumfikishe. Alianza kusema tangu boti iko majini, kwa Kinyaturu, lugha ambayo pale ufukweni hakuwa na wa kuizungumza naye tangu ahamie. Zainabu alifumbua macho. Midomo yake ilifanya kazi. Haikutoka hata sauti.

Siku ya kwanza tuliamini ni uchovu. Mganga wa zahanati ya pale alimsikiliza kifua, akampa dawa, akaniita nje na kuniambia maji yameingia mapafuni na kwamba hospitali ni Kigoma, na meli inarudi baada ya siku kadhaa. Siku ya pili Mwanaidi alianza kubahatisha.

"Zai, ni shamba la mama? Kama ndiyo, fumba macho. Ni ile mbuzi niliyoiuza nikasema imepotea? Niliiuza, ndiyo, nisamehe. Siyo hiyo? Ni jambo la watoto? Ni la wakati ule wa Itigi? Fumba macho, mdogo wangu."

Zainabu alifumba macho kwa kila swali, na kwa kila swali aliyafumbua. Aliishi siku sita. Tulimzika kwenye mteremko juu ya kijiji, udongo mwekundu wenye mawe, akielekea kibla. Waliokuja walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia kwa mgeni. Mola awalipe.

Baada ya kisomo Mwanaidi aliniita barazani. Ndoo ya asali ilikuwa kando yake, haijafunguliwa.

"Shemeji, alitaka kuniambia nini?"

"Sijui."

"Miaka yote hiyo mmelala nyumba moja, hujui?"

"Alisema ni lako. Alisema atakupa mwenyewe."

"Na wewe ukakubali tu?"

"Nilikubali."

Mwanaidi akanitengea chakula, kwa sababu mimi ni mume wa mdogo wake na nilikuwa sijala.

Meli ya kurudi ilikuta ziwa limechafuka vile vile kama siku tuliyokwenda. Karani alikuwa yule yule. Alinipa mkono wa pole, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Chini?"

"Chini," nikamjibu. Nilitaka kumrudishia kofia yake, nikakumbuka imebaki kwa Mwanaidi, mkobani mwa nguo za marehemu. Nilipomwambia alisema, "Ni yake, mzee."

Upepo ulivuma njia nzima. Kule chini meli ilikuwa inainama na kuinuka pole pole, kama mtu anayepumua usingizini. Maji ya kunywa yalicheza ndani ya bilauri lakini bilauri haikutembea. Rehema alisimama kati ya vitanda viwili, akanyoosha mikono, na kila kiganja kikafika ukutani. Goti la kulia likakiegemea kitanda kimoja, la kushoto kingine. Meli ikayumba, yeye hakuyumba.

"Baba," akasema, "hapa ningemshika."

Nilitoa ile kamba mfukoni nikaitazama mafundo yake. Ilikuwa imepima sawasawa. Ilikuwa imezoea kupima kitu kisichosogea.

Nimerudi Mitundu, nikapokewa na pole nyingi, na baada ya majuma machache ndugu zangu wa msikitini wakaanza kuniuliza habari za safari, maana wengine wana jamaa upande ule. Wananiuliza kama kile chumba kikubwa kina thamani ya fedha zake. Nawaambia kwa mwenye afya, wakati ziwa limetulia, ni chumba kizuri, nami nilikifurahia kwa saa tatu. Nawaambia pia kwamba mkifika kwenye maji, mwulizeni anayelala juu ya maji, na akiwashauri mchukue cha bei ndogo msidhani anawadharau. Na muuguzi akikupa maagizo mawili, usiende na lile moja unalolimudu.

Sisemi kwamba chumba kilimwua mke wangu. Siku yake ya kufa iko kwa aliyemuumba, nami namshukuru kwa miaka aliyonipa naye, na kwa jioni ile ya dirishani. Lakini kuchagua nilichagua mimi, na kosa langu nitalijibu mwenyewe.

Kila Ijumaa Mwanaidi hutafuta mwinuko wenye mtandao, watu wamembeba kwenye kiti, akanipigia. Ananisalimu, anauliza mvua, anamwulizia Rehema na mbavu zake. Kisha ananiuliza kama nimekumbuka chochote, hata nusu ya neno. Namjibu kwamba bado. Kisha nausikia upepo wa kule ukivuma kwenye simu, mpaka laini ikatike.