Kijiti cha Juu ya Paa la Mzee

Afadhali niwaambie mwenyewe kabla Chebet hajawafikia, kwa sababu yeye akisimulia anaongeza chumvi, na jamani hii haihitaji chumvi yoyote: mimi Ochieng, mpiga picha wa nyumba za nyasi na ndege na misitu, nilimuua mzee wa watu mbele ya wageni wake, akiwa ameketi pale mbele na kikombe cha chai mkononi.

Kwanza mnielewe. Nimezaliwa huku huku, kwenye kambi ya wafanyakazi wa majani chai karibu na Kericho, baba akiwa kiwandani, na ingawa kwetu ni kule ziwani, kule huwa naenda Krismasi tu na kurudi. Lakini huku nako, kila nikifungua mdomo mtu ananiuliza, "Na kwenu ni wapi?" Nafikiri ndiyo maana nilishika kamera. Mbega wakirukaruka kwenye miti kando ya mto, ukungu ukiwa umelalia majani chai asubuhi, halafu zile nyumba za zamani za udongo na nyasi ambazo zinaisha moja moja (leo unaipita, mwezi ujao unakuta mabati). Ukikaa na nyumba kama hiyo ukingojea jua ligeuke, unaanza kuona alama za viganja vya mama aliyepaka ule ukuta, na mimi hukaa pale nikiwa na raha zangu, kama mtu aliyealikwa ndani. Tatizo ni kwamba sikuwa nimealikwa, na nilitaka sana siku moja nialikwe kweli.

Basi Chebet, tuliyesoma naye chuoni Kabianga, akanipigia simu. Baba yake, Mzee arap Sang, alikuwa ametoka hospitalini baada ya kulazwa muda mrefu mpaka watu wakaanza kunong'ona kwamba harudi, na sasa familia ilikuwa inamfanyia sherehe ya shukrani nyumbani kwao upande wa Bomet. Walitaka kumpa zawadi ya picha kubwa ya nyumba yake ya nyasi, ile ya mwisho pale kijijini, ambayo amekataa katakata kuihama. Nilifurahi mpaka nikasahau kuuliza chochote.

Nilimkuta Mzee ameketi mlangoni, blanketi mabegani. Nikamsalimu kwa lugha yao, "Chamgei" yangu ya kuungaunga, akacheka, akaniambia, "Wewe piga tu, kijana. Hii nyumba nilijenga na mama yao. Piga yote."

Piga yote. Ningelishika hilo neno, leo nisingekuwa nawaeleza haya.

Nikapiga. Mwanga ulikuwa mzuri ajabu, na ndege mmoja, mweusi mgongoni na mweupe kifuani, akaja akatua juu kabisa ya paa, kwenye kijiti kilichochomoza pale katikati, nami nikamdaka akifungua mbawa. Nikajua hiyo ndiyo picha. Nyumbani nikaifungua kwenye kompyuta na kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa hicho kijiti. Kilikuwa cheusi kwa mvua, kimepinda, kimekata anga langu safi vipande viwili, na mimi (mtaalamu!) nikakiona kama uchafu tu uliosahauliwa na fundi. Nikakifuta. Ndege nikamwacha, si ana mbawa wazi, ataonekana anaruka. Nikaichapisha kubwa, ikatiwa fremu na kioo, nikaifunika kwa shuka jeupe.

Siku yenyewe palikuwa na hema, kwaya ya kanisa, mursik (yale maziwa ya kugandishwa kibuyuni) ikizungushwa na nyama ya kutosha, na mchungaji akaomba sala ndefu ya kumshukuru Mungu kwa uhai wa Mzee. Mwendesha sherehe akaniita mbele. Nikavuta shuka kwa madaha.

Halafu dada mkubwa wa Mzee, ambaye wote wanamwita Kogo, yaani nyanya, akashika kichwa na kutoa kilio ambacho nakisikia mpaka leo. Akina mama wengine wakamdaka. Waliokuwa jikoni wakatoka mbio wakilia bila kujua wanalia nini, majirani wakaanza kuingia kwa lango, na vijana wa boda boda wakasimama barabarani wakavua helmeti.

Na mimi, jamani, mimi nilidhani ni uzuri wa picha.

Nikachukua maikrofoni. "Asanteni," nikasema, "hata mimi nilitokwa na machozi nikiimalizia." Kilio kikaongezeka. Nikaona nieleze ufundi wangu kidogo. "Hapo juu palikuwa na kijiti kibaya, nikakitoa mwenyewe ili nyumba ya Mzee ikae safi."

"Ni wewe umetoa?" mtoto wa kwanza wa Mzee akauliza, akisimama polepole, na huyo ni mtu mkubwa.

Chebet akanivuta kwa shati mpaka kifungo kikatoka. "Ochi, unafanya nini? Huo mti hutolewa mwenye nyumba akifa. Ukipita barabarani uone nyumba haina, unajua mzee hayuko!"

Ardhi haikupasuka, nilingoja. Mtu mwenye akili angeomba msamaha akaketi, lakini mimi nikaomba kalamu nene ya mwendesha sherehe, nikapiga magoti mbele ya umati wote na kuanza kuchora kijiti juu ya kioo. Kikatoka kirefu mno, kikamtoboa ndege katikati, akawa mshikaki. Kogo akaona, akaanza upya.

"Lete hapa hiyo," Mzee akasema. Ilikuwa mara ya kwanza aongee siku hiyo.

Nikambebea. Akaiweka magotini, akafuta wino wangu kwa kona ya blanketi, akaiangalia kwa muda mrefu sana huku mimi nikiangalia viatu vyangu. Halafu akaweka kidole juu ya kioo. "Na huyu ndege," akauliza, "amesimama wapi?"

Sijui nani alianza kucheka, nafikiri ni mchungaji. Mzee akacheka mpaka akakohoa na Chebet akakimbia kuleta maji. "Hospitali imejaribu kuniua, imeshindwa," akasema akijipangusa macho. "Kumbe ilikuwa inataka tu kompyuta!" Hata Kogo alicheka, ingawa alinipiga begani na kiganja, na hakunipiga kidogo.

Akainuka, akanishika mkono, akanipeleka mpaka mbele ya nyumba yake na umati wote nyuma yetu, akanionyesha kijiti kikiwa palepale, kimepinda vilevile. Nikapiga upya: nyumba, Mzee, Kogo, watu wote, na kijiti.

Jioni nikampigia baba nikitegemea atanionea huruma. "Hata kwetu ni hivyo hivyo, wewe. Kile cha nyumba ya babu yako ulifikiri kiliangushwa na upepo?" Kwa kweli ndivyo nilivyofikiri, miaka yote hiyo.

Wiki iliyofuata nikapeleka picha mpya, nikaomba ile ya kwanza niichome. Mzee akakataa. "Hiyo haina makosa," akasema. "Imekuja mapema tu. Kaa nayo kwako, na siku ile kijiti kikitolewa kweli, lete wewe mwenyewe, usitume mtu. Utakaa na watoto wangu."

Nikaitikia kwa kichwa tu kama mjinga.

Siku hizi sifuti kitu chochote kwenye picha, hata karatasi ya nailoni iliyonaswa kwenye ua, acha ikae. Ile picha nimeigeuzia ukuta nyuma ya kabati, na naomba izeeke hukohuko. Na kila nikienda kwa Mzee, kabla sijafika langoni natupa jicho juu ya paa kwanza, nakiona kijiti kimepinda pale pale, ndipo napiga hodi.