Chuma cha Saidati, Mlinzi wa Mnara

Mtu akikuambia kwamba Saidati wa mtaani kwetu Mbugangari ni mwanamke mpole, mwulize kama amewahi kumwona na chuma mkononi. Sisi tulimwona.

Kazi yake ilikuwa kulinda mnara wa simu, ule ulio upande wa Rwanda, karibu sana na mpaka, mahali ambapo ukipiga chafya mtu wa Goma anakuambia pole. Umeme ukikatika anawasha jenereta, anamimina mafuta, anafunga geti kwa komeo la chuma refu kama mkono wake. Mwanzoni watu walicheka, eti mwanamke atalinda nini? Mwizi wa kwanza wa mafuta aliondoka akitema meno, na kicheko kikaishia hapo.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Igihozo. Binti huyo alivuka barrière, geti la mpakani, kila asubuhi na beseni la karoti kichwani, akauze kwenye mtaa wa Birere, na siku nyingine alilala hukohuko Goma kwa shangazi yake. Simu yake ilikuwa na laini ya Rwanda, na kama wafanyabiashara wote wa mpakani, yeye na mama yake hawakupigiana simu, walibipiana. Simu ikilia mara moja na kunyamaza: niko muzima. Ikilia mara mbili: niko kwa barrière, njoo tubebe mizigo. Ole wako uipokee! Saidati aliwahi kumnunia binti yake kutwa nzima kwa sababu aliipokea, salio likaliwa.

Sasa, mwaka ule walikuja mafundi kufunga antena mpya, masanduku meupe ya mtandao wenye kasi. Mmoja wao, Valens, alikuwa mtu wa maneno mengi. Saidati alimpa chai, naye akamweleza.

"Mama, antena za zamani zinamwaga mawimbi ovyo kama mtu anayewamwagia kuku mahindi. Hizi zinajua simu iko upande gani, zinaielekezea yenyewe. Shida yetu ni mpaka. Tunaziinamisha zisivuruge mitambo ya Goma, lakini mawimbi hayasimami kwenye barrière kuonyesha vitambulisho. Mengine yanavuka tu."

Saidati akafurahi moyoni. Hayo yanayovuka ndiyo yaliyomletea bipu ya mwanawe. Na furaha ikamlegeza ulimi. Jioni ile, kwenye bomba la maji, akajisifu mbele ya wanawake: "Mashine yangu ya sasa inajuaka kila mutu iko wapi! Ata ukijificha chini ya kitanda, inakupata!" Wakacheka, wakabeba madumu yao, wakaenda na maneno hayo majumbani. Mdomo huponza kichwa, jamani. Wengine wanaponzwa siku hiyohiyo. Wa Saidati ulisubiri vita.

Vita vikaingia Goma mwezi wa kwanza. Umeme ukakatika kote, minara ya ng'ambo ikazimika mmoja baada ya mwingine, na Igihozo akanasa Birere kwa shangazi. Risasi zilivuka mpaka kama zina haki ya kuvuka, zikatoboa mabati yetu. Saidati hakukimbilia Nyundo, mbali na mpaka, kama baadhi ya jirani zake. Alikaa na jenereta yake, simu kifuani, akisubiri. Bipu moja alfajiri. Bipu moja jioni. Kila ikilia alisema Alhamdulillahi na kuongeza mafuta. Kisha ikafika asubuhi ambayo simu haikulia.

Asubuhi hiyohiyo kombora liliangukia uani kwa Sebahire, fundi seremala, nyumba ya tatu kutoka mnarani. Mkewe, Mukandayisenga, alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Saidati ndiye aliyemfunika kitenge, kwa mikono yake, na kilichofunikwa hakikuwa kizima. Sebahire hakulia. Kijana wake Jado, anayetengeneza pikipiki Goma, hakupatikana tangu vita vianze, na baba alikwisha kumhesabu na wafu. Alisimama akiangalia kinu, halafu akainua macho, akauona mnara. Akaingia ndani kuchukua shoka.

Alipofika getini, nyuma yake kulikuwa na nusu ya mtaa.

"Saidati, fungua! Ile mashine ndiyo inaonyeshaka bombe pa kuanguka!"

"Sebahire, mi naapa, haiko vile!"

"Si we mwenyewe ulisema? Kwa bomba, mbele ya watu! Inajua kila mutu iko wapi! Imejua bibi yangu iko kwa kinu!"

"Nilikuwa najisifu tu! Yebabawe, nilikuwa najisifu! Mutoto wangu iko ngambo. Mukikata hii, mi nitamujua wapi kama anaishi?"

"Wa kwako iko ngambo," Sebahire akasema. "Wa kwangu iko chini ya kitenge."

Jiwe la kwanza lilimpasua Saidati kipaji cha uso. La pili likampiga bega. Damu ikamwingia jichoni, akaifuta kwa ushungi na kuchomoa lile komeo la chuma. Kijana mmoja alipanda uzio; Saidati akamtwanga vidole palepale kwenye waya, akaanguka akipiga ukelele. Mwingine akamrukia mgongoni, akamng'ata sikio. Saidati akambamiza kwenye tangi la mafuta mpaka akaachia. Hakuwa mtu tena, we acha tu. Alikuwa anatukana kwa Kinyarwanda na kusali kwa Kiarabu, vyote kwa pumzi moja.

Geti lisilo na komeo halikuchelewa kufunguka. Sebahire akaingia moja kwa moja hadi kwenye jenereta, akainua shoka juu ya waya mkubwa unaopanda mnarani. Saidati hakumwita tena, wala hakumwonya. Alizungusha chuma kwa mikono miwili, kikamkuta Sebahire kwenye taya, na mlio wa mfupa kuvunjika tuliusikia sote juu ya ngurumo ya jenereta. Shoka likaanguka. Sebahire akaanguka juu yake, mdomo umekaa upande, meno kwenye changarawe. Watu wakarudi nyuma. Hakuna aliyetaka kuwa wa pili.

Saidati alikuwa bado ameinua chuma simu ilipolia kifuani. Ikalia mara moja. Ikanyamaza.

"Iko muzima!" akapiga kelele, akicheka na kulia, damu ikimtiririka mpaka kidevuni. "Igihozo iko muzima! Mumesikia? Iko muzima!"

Mara simu nyingine ikaanza kulia, kwenye mfuko wa shati la Sebahire. Hii haikuwa bipu. Ililia, ikaendelea kulia. Sebahire akaitoa, akabonyeza, na sauti ikatoka kubwa.

"Papa! Ni mi, Jado! Niko muzima, Papa! Nimeazima simu ya mutu, iko na laini ya Rwanda. Papa, unanisikia?"

Sebahire akafungua mdomo. Kilichotoka ni damu na mlio usio na neno. Akajaribu tena, akishika taya kwa kiganja, machozi yakimtoka sasa, yale yaliyogoma asubuhi. Halafu akamtazama mwanamke aliyemvunja, akamnyooshea simu.

Saidati akadondosha chuma. Akapiga magoti kwenye changarawe, akaipokea.

"Jado. Ni mi, mama Igihozo. Baba yako iko hapa, anakusikia."

"Ah, mama Igihozo! Bon, Mungu asifiwe! Mi ninakusikia muzuri sana, kama tuko nyumba moja. Donc, nipatie Maman. Najua hajakula juu ya kuniwaza. Maman iko wapi?"

Saidati akainua macho kwenye masanduku meupe, kule juu. Tangu aanze kazi ile hakuwahi kuomba jambo kama hilo, lakini saa ile aliomba kwa moyo wote mtandao ukatike.

Haukukatika. Ikabidi amwambie.