Uzi wa Kijani Ndani ya Kola

Dada yangu ni dobi, mwaka wa kumi na tisa huu, na hamwamini mtu. Nguo ikiletwa anapekua mifuko, anaonyesha kila doa mbele ya mwenyewe, asije akasingiziwa kesho. Kisha anashona alama ndani ya kola: nyuzi mbili nyekundu ni za daktari, msalaba mweusi ni wa mwalimu mkuu. Kila nyumba na alama yake. Mimi mdogo wake napiga pasi, na ulimi wangu hauna breki.

Jumanne alikuwa anafua sare ya binti yake wa miaka kumi na tatu. Akageuza kola, akakuta nyuzi tatu za kijani. Akabadilika rangi. Hana mteja wa alama hiyo, na nguo zetu wenyewe hazitiwi alama. Ya nini, wakati zote zinatundikwa msumari mmoja?

"Kaiba," akaninong'oneza. "Hii sare ya mtu."

"Labda wamebadilishana na mwenzake," nikasema, ingawa na mimi moyo ulishapasuka. Dobi akishasemwa kwamba kwake nguo zinapotea, kwisha kazi. Nani atamletea tena hata soksi?

Siku mbili alimvizia mtoto. Akapekua begi, akanusa hata daftari. Alhamisi akamzibia mlango.

"Nguo ya nani hii?"

"Yangu."

"Usinichezee akili! Alama ya nani?"

Mtoto akainama. "Nimeshona mwenyewe, mama."

Ikatoka yote kwa kwikwi. Shuleni kwao, wakati wa mapumziko, wasichana hukaguana kola. Mwenye alama ya dobi, kwao wanafuliwa. Asiye nayo, kwao wanafua, na huyo hasogezewi nafasi kwenye benchi la kivulini. Yeye akachagua kijani kwa kuwa hakuna nyumba yenye kijani, asije akaiba hata alama ya mtu.

Nikacheka, Mungu anisamehe. Nilifurahi tu kwamba si mwizi. Dada hakucheka, bado alikuwa anamtazama mtoto kwa jicho lile lile la kukagua madoa.

"Na wakikuuliza dobi wenu ni nani?"

Mtoto akajifuta pua kwa kiganja.

"Nakuuliza wewe."

"Nasema ni mama mmoja tu, huwa anapita mlango wa nyuma. Jina lake hatulijui."