Winga Asiyekula Chumvi

Siku yangu ya kwanza kazini nlipewa kamba ya mafundo na mkeka wa kukalia. Ilikuwa Matrah, jirani na Maskati, mwaka wa sitini na nne, nami nimeshuka juzi tu kutoka Unguja, mikono mitupu. Tajiri mmoja wa vitambaa, tukimwita Mudiri, akitafuta vijana wa mpira awapeleke Kuwait, kwenye timu zenye mshahara. Mie skuli niliishia darasa la tatu, lakini Unguja nlicheza winga ya kulia mpaka goti likakataa.

"Wewe una macho, mimi nna barua," akanambia Mudiri. "Ukisema anafaa, anasafiri. Ukisema hafai, yamekwisha."

Uwanja wetu ulikuwa wadi, yaani mto uliokauka, nyuma ya mji, changarawe tupu. Kwa kamba ile nikipima hatua za mtu akiwa mbioni. Kisha nikimtaka apokee mgongoni, yaani mpira mrefu unatoka nyuma yake, naye autulize bila kusimama. Hapo wengi wakifeli. Mwisho nikila naye sinia moja, maana mwenye pupa kwenye wali ana pupa golini. Marehemu mke wangu akisema hiyo ni njia tu ya kuhalalisha ulafi wangu. Huenda.

Basi mwaka wa sitini na saba, au nane, nishachanganya, akaja Khalfan, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho pale Maskati. Kipa wetu, Sururu, akawa anampigia mipira. Kijana akaanza kukimbia kabla mpira haujapigwa, hatazami nyuma, na mpira ukamshukia mguuni. Mara ya tatu nikamnong'oneza Sururu sikioni, "Piga kushoto." Kugeuza kichwa, Khalfan yuko kushoto, anangoja.

"Nani kakwambia?"

"Hapana mtu, maalim. Unakuja tu."

Sururu akanivuta kando, midomo imemkauka. "Maalim, nlidhani nimemfananisha. Huyu tushamchimbia kaburi. Jembe nlishika mwenyewe. Huyu mughayabu."

Mughayabu, kwa watu wa hapa, ni mtu aliyechukuliwa na wachawi, jamaa wakazika sura yake tu, kisha akaonekana anatembea. Kwetu Unguja tunamwita msukule. Na msukule hali chumvi.

Sinia likaja, wali na malihi, samaki wa chumvi. Khalfan akamsukuma samaki, akafungua kitambaa chake: wali mkavu.

"Mbona hivyo, mwanangu?"

"Chumvi sili."

"Tangu lini?"

"Tangu niliporudi."

Nikalirudisha tonge siniani.

"Miguu vipi?" akauliza Mudiri jioni ile, dukani kwake.

"Sijaona mfano wake."

"Basi anafaa."

"Hafai, Mudiri."

Akanitazama sana, akaandika jina la mwengine.

Wiki ya pili mama mmoja akasimama mlangoni kwangu, hakutaka kukaa.

"Mwanangu aliugua figo, tukamkafini, akapumua ndani ya sanda. Alirudi kutoka hospitali, si kuzimu! Daktari kamkataza chumvi mpaka Ramadhani. Mji mzima unamkimbia. Nikasema Kuwait hawamjui, ataishi kama watu. Sisi tulitaka kumzika kwa kukosea. Wewe umemzika kwa kusudi."

Nikakimbilia kwa Mudiri. Barua ilikwishakwenda.

Kazi ile ikafa mwaka wa sabini, nchi ilipofunguka na watu wakawa wanarudi badala ya kuondoka. Leo nimekaa Ghubra, mtaa wa Maskati, wajukuu wananiuliza mchezaji mzuri anajulikanaje. Nawatajia hatua, mapafu, mguso wa kwanza. Figo ile naielewa. Kule kujua kwake kushoto sikuelewi mpaka leo.

Siku ile, nlipotoka kwa Mudiri, nlimfuata Khalfan nikamwomba radhi. Alikuwa peke yake, anakung'uta changarawe viatuni.

"Maalim, usijisumbue. Nlijua utasema nini kabla sijaja uwanjani."

"Sasa ukaja kwa nini, mwanangu?"

"Nlitaka kupigiwa mpira. Hapana mwengine aliyekubali."